Ugomvi wa Mfalme ni Ugomvi wa Nani?

Wahenga walinena: wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hii imetamkwa mara nyingi mno katika mabaraza yetu, hata imekuwa kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Mtu akiisha kuitaja, wasikilizaji hutikisa vichwa na mazungumzo yakafa. Lakini methali haikutungwa ili imfunge kinywa mwenye kufikiri. Basi na tuitazame kwa makini. Nyasi hazina macho wala ulimi. Hazichagui mahali pa kuota, hazijui tembo yupi ana haki na yupi ni mdhalimu, wala hazitazamii kugawiwa chochote baada ya vita. Je, binadamu aishiye chini ya wakubwa wagombanao ni nyasi kwa maana hiyo? Je, damu anayoimwaga kwa jina la bwana wake imo shingoni mwa bwana, au imo shingoni mwake yeye? Na akitaka kukaa kando ya ugomvi usiokuwa wake, ana haki ya kufanya hivyo, na haki hiyo italindwa na nani?

Maswali haya ni ya maadili, lakini maadili yasiyopimwa kwa mambo yaliyotendeka huwa maneno matupu. Nimechagua kuyapima kwa habari za nchi ya mbali, yaani vita vilivyopiganwa katika makoloni ya Amerika ya Kaskazini baina ya mwaka 1689 na mwaka 1763. Mahali pale, katika muda wa miaka sabini na minne, ugomvi wa nyumba za kifalme za Ulaya na ugomvi wa makoloni ulishikamana mara nne. Uliwahusu watu wa namna nyingi: walowezi wa Kiingereza waliokaa pwani ya Atlantiki, walowezi wa Kifaransa waliokaa kandokando ya mto St. Lawrence, mataifa ya wenyeji wa nchi, na Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kila kundi liliitikia kwa namna yake. Kwa hiyo yeyote atakaye kujua kama mtu ni nyasi au si nyasi, atapata huko ushahidi wa kutosha.

Tuanze na chanzo. Mwaka 1688 Mfalme James wa Pili wa Uingereza aliondolewa katika kiti chake na mume wa binti yake, William wa Orange, mtu wa Uholanzi. James alikimbilia Ufaransa kwa binamu yake, Mfalme Louis wa Kumi na Nne, naye Louis akaendelea kumtambua kuwa ndiye mfalme wa haki. Ugomvi wa mtu na mkwewe, uliochanganyika na hofu ya mataifa mengi juu ya nguvu za Louis, ukawa vita vikubwa vya Ulaya. Mwaka 1700 Mfalme Charles wa Pili wa Hispania alifariki bila mtoto, akamwachia milki yake mjukuu wa Louis. Vita vikazuka tena. Mwaka 1740 Kaisari Charles wa Sita, mtawala wa Austria, alifariki bila mtoto wa kiume. Majirani wakamwona binti yake, Maria Theresa, kuwa windo jepesi, na vita vikazuka mara ya tatu. Kwa ufupi, mashauri yalikuwa ya mirathi, ndoa na heshima za nyumba chache, ijapokuwa ndani yake mlijificha pia mashauri ya biashara na bahari.

Walowezi wa Kiingereza waliviita vita hivyo vitatu kwa majina ya wenye taji: Vita vya Mfalme William, Vita vya Malkia Anne, Vita vya Mfalme George. Majina hayo yana maana. Mwenye kuviita vita kwa jina la mfalme amekwisha kukiri, pengine pasipo kujua, kwamba mwenye vita ni mtu mwingine.

Sasa tuvuke bahari tutazame jinsi mirathi ya Hispania ilivyogawanywa katika kijiji kimoja cha wakulima. Mwishoni mwa Februari 1704, kabla ya alfajiri, kijiji cha Deerfield kilichokuwa mpakani mwa koloni la Massachusetts kilivamiwa na askari wa Kifaransa pamoja na wapiganaji wa mataifa ya wenyeji waliokuwa marafiki zao. Jumla yao walikuwa baina ya 200 na 300. Theluji ilikuwa imerundikana hata ikakaribia ncha za boma la miti, nao wakapita juu yake. Watu wapatao 50 waliuawa, na mateka 112 wakaswagwa kwa miguu kwenda Kanada, safari ya kilometa zipatazo 480 katika majira ya baridi kali.

Miongoni mwa mateka alikuwamo mchungaji John Williams. Watoto wake wawili waliuawa kijijini. Mkewe, aliyekuwa amejifungua majuma machache tu yaliyopita, aliuawa njiani nguvu zilipomwishia. Binti yake Eunice, mwenye umri wa miaka saba, alichukuliwa na Wamohawk wa Kahnawake, karibu na mji wa Montréal. Akalelewa huko, akasahau Kiingereza, akaolewa huko. Baba yake, aliyekombolewa mwaka 1706, alimwendea mwaka 1714 na kumsihi arejee kwao, naye akakataa. Alifariki mwaka 1785 katikati ya watu waliomlea, ambao kwa hesabu ya wafalme walikuwa adui wa baba yake.

Katika nyumba ya mchungaji huyo walikuwamo watu wengine wawili ambao vitabu vingi huwapita upesi. Majina yao yalikuwa Parthena na Frank. Walikuwa Waafrika, watumwa wa mchungaji. Parthena aliuawa siku ya shambulio, na Frank aliuawa njiani. Mfaransa angeshinda, wao wangebaki watumwa. Mwingereza angeshinda, wao wangebaki watumwa. Hawakuwa na mfalme katika ugomvi ule, hawakuwa na shamba la kulilinda, hawakuwa na kisasi cha kulipa. Kama methali ya tembo na nyasi inamfaa mtu yeyote sawasawa, basi inawafaa hao wawili. Na tukiisha kukubali hivyo, yatupasa tuulize kama inawafaa wote waliokuwa pale.

Liko jibu la kwanza, nalo ni jibu la utii. Husemwa kwamba raia na mfalme wamefungwa kwa deni: mfalme hulinda, raia hutii; na kwa kuwa raia amekula matunda ya amani chini ya mfalme, hana budi kubeba mzigo wa vita vyake. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliliandika wazo hili kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1651, lakini aliliwekea mpaka: wajibu wa kutii hudumu muda ule ule ambao uwezo wa kulinda unadumu, wala hauzidi hapo. Basi tuutumie mpaka huo kama kipimo.

Mwaka 1745, katika Vita vya Mfalme George, watu wa New England wapatao 4,000, wakulima, wavuvi na mafundi wa kazi za mikono, walikwenda kuizingira ngome kuu ya Wafaransa ya Louisbourg katika kisiwa cha Cape Breton. Aliyewaongoza alikuwa mfanyabiashara, William Pepperrell, nao walisaidiwa na manowari za Uingereza. Baada ya majuma kadhaa ngome ikasalimu amri. Waliokufa vitani walikuwa wachache, lakini katika majira ya baridi yaliyofuata maradhi yaliwaua watu wapatao 900 kati ya wale waliobaki kuilinda. Kisha mwaka 1748 wafalme wakapatana huko Aix-la-Chapelle. Ufaransa ilikuwa imeuteka mji wa Madras huko Bara Hindi. Uingereza iliutaka Madras, na Ufaransa iliitaka Louisbourg. Kila mmoja akarudishiwa chake. Serikali ya London ililipa Massachusetts gharama za safari ile, na fedha zikapakiwa melini. Hesabu ya fedha ilisawazishwa. Hesabu ya makaburi 900 haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Hapa jibu la utii linaonyesha udhaifu wake. Mkulima wa Massachusetts alikuwa ameambiwa kwamba Louisbourg ni mkuki uliolengwa kifuani mwake, na kwamba kuiteka ni kumlinda mkewe na wanawe. Ushindi wake mwenyewe ukatumiwa kununua bandari ambayo hakupata kuiona. Hatusemi kwamba mfalme alikuwa mjinga. Katika hesabu za mfalme biashara ile ilikuwa na maana. Neno lenyewe ni kwamba hesabu za mfalme na hesabu za mkulima zilikuwa daftari mbili, na mkulima alikuwa ameandikisha maisha yake katika daftari isiyokuwa yake. Utii usiouliza unalindwa na nini, wala unaishia wapi, si deni tena. Ni rehani ya mtu mzima.

Liko jibu la pili, nalo ni kinyume cha la kwanza. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau aliandika kwamba vita ni jambo la dola na dola, si la mtu na mtu, na kwamba watu binafsi huwa maadui kwa ajali tu, wakiwa askari na si wakiwa binadamu. Wazo hili ni la kiutu, na tungependa liwe kweli. Mtu akilishika, atasema kwamba mlowezi wa Deerfield na mpiganaji wa Kahnawake hawakuwa na neno lolote baina yao, ila walisukumwa na wakubwa. Lawama yote ingepanda ngazi mpaka kwenye kiti cha enzi, na sisi wa chini tungebaki safi.

Lakini mambo yaliyotendeka hayakubali faraja hiyo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya Vita vya Malkia Anne, wakati Deerfield ilipokuwa ikichomwa, koloni jirani la New York lilikaa kimya. Malkia wake alikuwa yule yule, na adui wa malkia alikuwa yule yule. Lakini wafanyabiashara wa mji wa Albany walikuwa wakinunua na kuuza ngozi za wanyama pamoja na watu wa Montréal, na vita vingeiharibu biashara hiyo. Basi wakaiacha mipaka yao itulie mpaka mwaka 1709. Jambo hili linafundisha mengi. Linaonyesha kwamba ilipokuwa faida kukaa nje ya ugomvi wa malkia, raia waliweza kukaa nje. Basi mahali walipoingia kwa bidii, amri ya malkia peke yake haitoshi kuwa udhuru.

Tutazame upande wa kusini. Mwaka 1704, mwaka ule ule wa Deerfield, James Moore wa Carolina aliongoza walowezi wapatao 50 na wapiganaji wa Creek wapatao 1,000 kuishambulia nchi ya Waapalachee huko Florida, iliyokuwa chini ya Hispania. Vijiji vya misheni viliteketezwa, na watu kwa mamia wakachukuliwa utumwani. Vita vilipiganwa kwa jina la Malkia Anne, lakini mateka hawakupelekwa kwa malkia. Walifanywa mali katika masoko na mashamba ya Carolina. Mfalme alitoa jina, raia akatoa tamaa, na vitu hivyo viwili vilipokutana ndipo kijiji kilipowaka moto. Na vita vile vilipomalizika kwa Mkataba wa Utrecht mwaka 1713, Uingereza ilipewa Newfoundland, Acadia na nchi ya ghuba ya Hudson, na pamoja na hayo ikapewa na Hispania haki ya kupeleka watumwa 4,800 wa Kiafrika kila mwaka, kwa muda wa miaka 30, katika makoloni ya Hispania ya Amerika. Hivyo ndivyo mirathi ya Madrid ilivyoamuliwa: amani ya Ulaya ilitiwa sahihi, na ndani ya amani hiyo binadamu wa bara letu wakaandikwa kama mizigo.

Katika vita vya nne methali yetu ilipinduka kabisa. Safari hii haikuwa tembo walioanza. Kampuni ya matajiri wa Virginia ilikuwa ikilitamani bonde la mto Ohio, na Wafaransa nao walikuwa wakijenga ngome huko. Mei 1754 kijana wa miaka ishirini na miwili, George Washington, akiwa na askari wa Virginia na wenyeji wachache wakiongozwa na Tanaghrisson, alikishambulia kikosi kidogo cha Wafaransa msituni, na mkuu wa kikosi hicho, Jumonville, akauawa. Uingereza na Ufaransa hazikutangaziana vita rasmi mpaka mwaka 1756. Kwa hiyo moto ulitoka kwenye nyasi ukawaendea tembo; kisha ukaenea mpaka Ulaya, Bara Hindi, visiwa vya Karibi na pwani ya Afrika ya Magharibi. Yeyote asemaye kwamba watu wa chini ni wa kuumizwa tu, na hawawezi kuwa chanzo cha maumivu, na azitafakari dakika chache za risasi zilizopigwa katika msitu ule.

Basi je, palikuwa na njia ya tatu, ya kukaa kando pasipo kuwa nyasi wala kuwa meno ya tembo? Palikuwa nayo, na walioionyesha ni watu ambao vitabu vya wakoloni viliwaita washenzi. Shirikisho la Wahaudenosaunee, ambalo Wafaransa waliliita la Wairoquois, liliunganisha mataifa matano, kisha sita, yaliyokaa katikati ya Waingereza na Wafaransa. Katika Vita vya Mfalme William walipigana upande wa Waingereza. Mwaka 1696 Gavana Frontenac wa Kanada aliongoza jeshi likaharibu mashamba ya Waonondaga na Waoneida. Mwaka uliofuata wafalme walipatana huko Ryswick, lakini shauri la Wahaudenosaunee halikumalizwa katika mapatano hayo. Rafiki yao alikwenda kulala. Wao wakabaki na vita.

Hapo wakajifunza. Mwaka 1701 wajumbe wapatao 1,300 wa mataifa 39 walikusanyika Montréal. Kiongozi mmoja wa Wahuroni, Kondiaronk, aliyekuwa na homa kali, aliwasihi wote wakubali amani. Alifariki tarehe 2 Agosti, na siku mbili baadaye, tarehe 4, amani ikathibitishwa. Wahaudenosaunee waliahidi kwamba Mwingereza na Mfaransa wakipigana tena, wao watakaa kando. Katika kiangazi hicho hicho wajumbe wao wengine walikuwa Albany wakizungumza na Waingereza, wala hawakuvunja urafiki huo. Wengine wamewaita wajanja. Mimi nasema walikuwa na busara, kwa sababu walitambua jambo ambalo mkulima wa Louisbourg alilitambua baada ya miaka arobaini na saba: kwamba rafiki mkubwa huwa rafiki mpaka siku ya mkataba wake. Ni kweli kwamba hawakuishika ahadi hiyo kwa ukamilifu, na mara kwa mara baadhi ya Wamohawk walivutwa kuwasaidia Waingereza. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne, shirikisho kwa jumla halikuyatoa maisha ya vijana wake kila taji lilipotikisika. Lilipogawanyika katika vita vya uhuru wa Marekani, Waoneida na Wamohawk wakaelekezeana silaha huko Oriskany mwaka 1777. Na mwaka 1779 jeshi la Marekani likateketeza vijiji vyao zaidi ya 40. Hapo ikadhihirika thamani ya kile walichokuwa wamekihifadhi kwa muda mrefu.

Kuna wengine waliotaka njia hiyo wakanyimwa. Wakulima wa Acadia walikuwa Wafaransa waliojikuta chini ya taji la Uingereza baada ya Mkataba wa Utrecht. Hawakuasi. Mwaka 1730 walikula kiapo cha utii kwa Mfalme wa Uingereza, wakiwa wameahidiwa kwa maneno ya mdomo kwamba hawatalazimishwa kuchukua silaha dhidi ya Wafaransa wala dhidi ya wenyeji. Waingereza wenyewe waliwaita Wafaransa wasioegemea upande. Lakini mwaka 1755 walitakiwa kula kiapo kisichokuwa na sharti, nao wakasita. Tarehe 5 Septemba wanaume na wavulana wa Grand-Pré waliitwa kanisani, na Kanali John Winslow wa Massachusetts akawasomea amri: ardhi yao, nyumba zao na mifugo yao ni mali ya mfalme, nao watahamishwa. Mpaka vita vilipokwisha, watu wapatao 10,000 walikuwa wamefukuzwa katika nchi yao, nyumba zikachomwa, jamaa wakatenganishwa melini, na wengi wakafa kwa maradhi na kwa kuzama baharini. Tangu mwaka 1760 walowezi kutoka New England wakaletwa kulima mashamba yale yale.

Kwa nini Wahaudenosaunee walifaulu walau kwa kitambo, na Waacadia wakaangamia? Wote wawili walitaka neno moja. Wahaudenosaunee walikuwa na baraza lao, silaha zao, na umoja wa mataifa yao. Kila mfalme aliogopa kuwatupa upande wa mwenziwe. Waacadia walikuwa na ahadi ya mdomo na mashamba mazuri. Hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Haki ya kukaa kando ni haki ya kila binadamu, lakini duniani imeheshimiwa pale tu wenye haki hiyo walipokuwa wamoja na wenye nguvu ya kuisimamia. Kutoegemea upande si kukaa kibarazani na kutazama. Ni kazi, tena ni kazi nzito kuliko kufuata jeshi.

Amani ya mwisho ilitiwa sahihi mjini Paris mwaka 1763. Ufaransa iliiachia Uingereza Kanada pamoja na nchi yote iliyokuwa mashariki ya mto Mississippi, isipokuwa mji wa New Orleans. Mataifa ya wenyeji waliokuwa wakikaa katika nchi hiyo hayakuitwa, hayakuulizwa, hayakutajwa kama wenye mali. Tayari mwaka 1761 kiongozi mmoja wa Waojibwe, Minavavana, alikuwa amemwambia mfanyabiashara wa Kiingereza kwamba kumshinda Mfaransa si kuwashinda wao, na kwamba maziwa na misitu ile ni urithi wao kutoka kwa wazee wao. Hoja yake haikuwa na kosa. Mfalme wa Ufaransa hawezi kutoa kile ambacho hakupata kuwa nacho. Katika mwaka ule ule wa amani vita vya Pontiac viliwaka, kwa sababu hiyo hiyo.

Msomaji wetu hatashangaa kuyasikia haya, maana sisi nasi tumekwisha kuwekwa mizanini. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba Ujerumani ipewe kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya Kaskazini, na Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Hakuna mkulima wa karafuu aliyeulizwa. Mwaka 1914 wajukuu wawili wa Malkia Victoria, Mfalme George wa Tano na Kaisari Wilhelm wa Pili, walikuwa maadui, na Mwafrika akaelekezewa bunduki na Mwafrika mwenziwe kutoka Tanga mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na kuchoka, wakibeba mizigo ya vita ambavyo hawakuelezwa sababu yake. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam unalichukua jina la kikosi cha wapagazi hao hata leo, na wanaopita sokoni kununua nyanya na vitenge wanalitamka kila siku. Wapagazi wengi walikamatwa kwa nguvu. Hao ni ndugu za Frank na Parthena. Lakini tusisahau kwamba walikuwako pia waliojiunga kwa mshahara, kwa cheo, na kwa ladha ya kumwamuru mwenzao. Ukweli huo ni mchungu, na hauondoi hata chembe moja ya dhambi ya waliotutawala. Unatukataza tu kujidanganya.

Taifa lililojikomboa lilipotamka kwamba halitafungamana na upande wowote katika ugomvi wa mataifa makubwa, lilitamka neno ambalo Kondiaronk angelielewa. Lakini siasa ya nchi ni kivuli cha tabia ya watu wake. Wafalme wa leo hawana taji sikuzote. Wapo wakubwa wa mataifa, wapo wakubwa wa fedha, na wapo wakubwa wadogo wa vijijini na mitaani, ambao kila mmoja ana ugomvi wake na anatafuta mikono ya kuutendea kazi. Kwa hiyo mtu anapoitwa katika ugomvi na ajiulize maneno matatu. Kwanza: siku wakubwa watakapopatana, mimi nitakuwa wapi, na kilichonifia kitarudishwa na nani? Pili: je, mimi nasukumwa kweli, au nimelipata jina la mkubwa likawa nguo ya kuifunika tamaa yangu? Tatu: nikitaka kukaa kando, nimejenga umoja gani na wenzangu utakaoifanya nia yangu iheshimiwe?

Wahenga hawakukosea. Tembo wakipigana, nyasi huumia, na wako watu waliofanywa nyasi kwa minyororo. Hao hawadaiwi jibu lolote, na wajibu wetu ni kuyakumbuka majina yao pale yanapojulikana. Lakini wengi wetu hatumo katika fungu hilo. Tuna macho, tuna ulimi, tuna majirani. Eunice Williams, aliyetekwa akiwa mtoto kwa sababu ya taji la Hispania, alikua akaamua mwenyewe watu wake ni akina nani, ijapokuwa uamuzi huo ulimliza baba yake. Ikiwa mtoto aliyetupwa katikati ya miguu ya tembo aliweza kuinuka na kuchagua, ni nani kati yetu sisi watu wazima atakayesimama mbele ya wanawe na kusema kwamba yeye alikuwa nyasi?